Kupima Kisichoonekana: Historia ya Maada Giza na Jina Lake, kutoka Setilaiti ya Uhuru hadi Machimbo ya Geita

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wataalamu wa elimu ya nyota walivyotambua, kwa kutazama mbingu, kwamba sehemu kubwa ya maada iliyomo ulimwenguni haitoi nuru wala haiizuii. Tunakusudia pia kuuliza swali linalotuhusu sisi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali: maada hiyo tuiite nini kwa Kiswahili? Maswali haya mawili hayatengani. Istilahi ya sayansi huchukua ndani yake historia ya ushahidi, na mfasiri asiyeijua historia hiyo huweza kuchagua neno lenye sura njema ambalo hata hivyo linasema uongo.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Tulipata kufasiri maelezo mafupi ya sayansi kwa ajili ya wasikilizaji wa kawaida, na tulipofika kwenye maada hii tukaandika "maada nyeusi" bila kusita. Tulipoyasoma maelezo hayo mbele ya watu wachache huko Geita, mzee mmoja aliyepata kuchimba dhahabu upande wa Nyarugusu alituuliza hivi: "Wanangu, hiyo si ndiyo inayobaki chini ya karai ukishaosha?" Alikuwa na haki kabisa kuuliza. Kila aoshaye dhahabu anaujua mchanga mweusi, mzito, ambao hubaki pamoja na dhahabu baada ya maji kuchukua udongo mwepesi. Mchanga huo unaonekana, unashikika, na baadhi yake huvutwa na sumaku. Maada tuliyokuwa tukiieleza haina hata moja ya sifa hizo tatu. Mzee hakukosea. Jina tulilompa ndilo lililompoteza.

2. Funzo la makinikia

Nchi ya Shinyanga na Geita ina mengi ya kuwafundisha watunzi wa istilahi. Mtaalamu wa miamba John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mpya ulifunguliwa rasmi mwaka 2000. Bulyanhulu, ambako dhahabu huchimbwa chini kwa chini, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mkoa wa Geita wenyewe uliundwa mwaka 2012 kwa kukusanya wilaya zilizokuwa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Katika nchi hiyo wachimbaji wadogo wamejijengea msamiati wao bila kungoja kamati yoyote. Shimo lao huliita duara. Jiwe lenye dhahabu huliita mbale. Mashine ya kusaga mawe ni karasha, mahali pa kuoshea ni mwalo, na mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza ni marudio. Maneno haya yana sifa moja njema, nayo ni kwamba kila moja hutaja kitu kimoja tu, na mwenye kulitumia anajua mipaka yake.

Mwaka 2017 nchi nzima ilipata somo la istilahi kutoka huko huko. Mwezi Machi serikali ilizuia usafirishaji wa mali ghafi ya madini iliyotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote miwili ikiwa katika Wilaya ya Kahama. Makontena 277 yalikuwa yamezuiliwa bandarini Dar es Salaam. Hapo mwanzo watu wengi na magazeti waliita mali hiyo "mchanga wa dhahabu". Jina hilo liliwafanya wasikilizaji wafikirie mchanga wa kawaida, wakashangaa kwa nini mchanga uzue ugomvi mkubwa namna ile. Ndipo neno "makinikia" lilipotoka katika nyaraka za wataalamu likaingia sokoni na katika mabasi. Neno hilo lilieleza kwamba kitu kinachozungumzwa si mchanga uliozolewa chini, bali ni mbale iliyosagwa na kuchenjuliwa hata madini yake yakakusanyika.

Lakini jina sahihi halikumaliza ubishi. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa yake tarehe 24 Mei 2017, na makadirio yake ya dhahabu iliyomo yalizidi sana yale yaliyotangazwa na kampuni. Kampuni nayo ikayapinga. Hatukusudii kuhukumu mgogoro huo hapa. Tunautaja kwa sababu unatuonyesha wazi hali ambayo wataalamu wa nyota nao wamekuwa nayo kwa muda wa karibu miaka mia moja. Mtu akitazama makinikia kwa macho haoni dhahabu. Kiasi chake hujulikana kwa vipimo tu, na vipimo vya watu wawili visipokubaliana, ama kuna kitu ambacho mmoja hakukihesabu, ama kanuni ya kupima ya mmoja wao ina kasoro.

3. Hesabu isiyolingana

Njia hizo mbili, yaani kitu kisichohesabiwa na kanuni yenye kasoro, zote zina mifano katika historia ya elimu ya nyota. Katika karne ya 19 sayari ya Uranusi ilionekana haifuati njia iliyotabiriwa na hesabu. Mfaransa Le Verrier akasema kwamba kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akataja na mahali pake. Tarehe 23 Septemba 1846 watazamaji wa Berlin waliikuta sayari ya Neptuni karibu sana na mahali hapo. Baadaye Utaridi nayo ilionekana na kasoro ndogo katika mwendo wake, na mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo akatabiri sayari nyingine iliyo karibu zaidi na jua. Ilipewa jina la Vulcan, ikatafutwa kwa miaka mingi, wala haikuonekana. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba kasoro haikuwa katika idadi ya sayari, bali katika kanuni ya mvutano yenyewe. Basi jina la Vulcan likabaki jina la kitu kisichokuwapo. Yafaa mtunzi wa istilahi azikumbuke Neptuni na Vulcan kila anapotaka kukipa jina kitu ambacho bado hakijakamatwa.

Mwaka 1933 Mswisi Fritz Zwicky, aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma, lililo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 300. Galaksi za kundi hilo zilikwenda kwa kasi iliyopishana kwa kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kundi lilipaswa kutawanyika zamani, ila kama kuna mvutano wa kutosha wa kulishikilia. Zwicky alijumlisha maada ya nyota zote zinazong'aa, akaona haitoshi hata kidogo. Akaandika kwa Kijerumani kwamba huenda kuna maada giza. Kiwango alichokadiria, mara 400 ya maada inayong'aa, kilizidi mno, kwa sababu umbali wa galaksi haukuwa umepimwa vizuri wakati ule. Hata hivyo kiini cha hoja yake kimesimama mpaka leo.

Mwalimu wa Shinyanga anaweza kuieleza hoja hiyo kwa kazi inayojulikana kwao. Mtaalamu wa miamba huweza kupima mvutano wa ardhi mahali mbalimbali kwa chombo chepesi kuhisi. Pale ambapo mvutano unazidi kidogo, anajua kwamba chini yake kuna mwamba mzito, ingawa hajachimba hata shimo moja. Zwicky alifanya jambo la namna hiyo, isipokuwa badala ya chombo mkononi alitumia mwendo wa galaksi zenyewe.

4. Setilaiti yenye jina la Kiswahili

Hatua iliyofuata ina sehemu muhimu iliyoanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ndogo yenye uzito wa kilo 140 hivi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti hiyo ya Marekani iliitwa Uhuru, na Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi, ndiye anayetajwa kuwa alilichagua jina hilo. Jina la Kiswahili likaingia hivyo katika vitabu vya elimu ya nyota vya lugha zote, wala halikufasiriwa.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni. Eksirei hizo haziwezi kupenya hewa ya dunia, kwa hiyo chombo cha kuzipima hapana budi kipande juu ya hewa. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa mchango wake katika elimu hiyo ya eksirei.

Miongoni mwa vitu vilivyotazamwa na Uhuru ni lile kundi la Coma la Zwicky. Mwaka 1971 ilitangazwa kwamba kundi hilo ni chanzo chenye nguvu cha eksirei, na kwamba eksirei hizo hazitoki katika nukta moja bali katika eneo pana. Baadaye ilithibitika kwamba galaksi za kundi zimezama katika gesi yenye joto la nyuzi milioni makumi kadhaa. Gesi hiyo, ambayo hakuna jicho lililopata kuiona, ina maada nyingi kuliko nyota zote za kundi zikijumlishwa.

Je, upungufu wa Zwicky ulikuwa umezibwa? Haukuzibwa. Gesi iliupunguza upungufu huo, lakini hapo hapo ikaleta ushahidi mpya. Gesi yenye joto la namna hiyo hutaka kutanuka na kutoroka. Ikiwa haijatoroka, kuna mvutano unaoishika, na mvutano unaotakiwa unazidi sana ule wa nyota na gesi pamoja. Hesabu mbili zilizofanywa kwa njia mbalimbali, moja kwa mwendo wa galaksi na moja kwa joto la gesi, zilifikia jawabu moja. Msomaji aishike vizuri habari hii ya gesi, kwani tutaihitaji tutakapopima majina.

5. Ushahidi unaongezeka

Mwaka huo huo wa 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walichapisha vipimo vya mwendo wa galaksi ya Andromeda. Katika mfumo wa jua letu, sayari iliyo mbali huenda polepole: dunia huenda kilomita 30 hivi kwa sekunde, ilhali Neptuni huenda kilomita 5 na kitu tu. Ilitazamiwa kwamba maada iliyo pembeni mwa galaksi nayo ingepunguza kasi. Lakini kasi haikupungua kama ilivyotazamiwa, na kufikia mwaka 1980 Rubin na wenzake walikuwa wamekuta hali hiyo hiyo katika galaksi nyingi. Ilionekana kama kwamba kila galaksi imezungukwa na wingu kubwa la maada lisiloonekana.

Ushahidi wa tatu ulitokana na kupinda kwa nuru. Einstein alitabiri kwamba mvutano huipinda nuru, na jambo hilo lilipimwa wakati jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, katika kisiwa cha Príncipe na huko Sobral, Brazil. Kivuli cha kupatwa huko kilivuka bara letu hata kufika Ziwa Tanganyika. Wataalamu wa leo hutumia kanuni hiyo hiyo: hutazama jinsi sura za galaksi za mbali zinavyopindwa na kundi lililo mbele yao, kisha hukokotoa maada ya kundi hilo, iwe inang'aa au haing'ai.

Mwaka 2006 njia hiyo ilitoa matokeo mashuhuri. Makundi mawili ya galaksi yalikuwa yamegongana na kupitana. Gesi za pande zote mbili zilisuguana zikabaki nyuma, na eksirei zikaonyesha mahali zilipo. Lakini upindaji wa nuru ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maada haikubaki na gesi. Ilikuwa imepita mbele pamoja na galaksi, kana kwamba haikugongana na kitu. Tangu hapo imekuwa vigumu zaidi kusema kwamba kosa ni la kanuni ya mvutano peke yake, ingawa wako wataalamu ambao, kwa kufuata rai ya Mordehai Milgrom ya mwaka 1983, wanaendelea kuitafuta njia hiyo.

Vipimo vya mnururisho wa kale uliojaa angani, vilivyofanywa na setilaiti ya Planck ya Ulaya, vimetoa mgawanyo unaotumika sasa. Maada ya kawaida, ambayo ndiyo nyota, milima, dhahabu na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada hii tunayoizungumza ni kama asilimia 27. Sehemu iliyobaki, asilimia 68 hivi, ni nishati ambayo asili yake haijajulikana, na ambayo haifai kuchanganywa na maada hiyo.

6. Kutoka angani hadi machimboni

Baada ya mbingu kutoa ushahidi wa kuwapo kwa maada hiyo, wataalamu wametaka kuikamata hapa duniani, nao wameingia katika migodi. Sababu yake ni nyepesi. Chembe nyingi kutoka angani hunyesha juu ya ardhi wakati wote na kuvuruga vipimo. Mwamba mnene huzizuia nyingi, lakini maada tunayoitafuta inadhaniwa kuupenya mwamba kama nuru inavyopenya kioo. Basi chombo kilicho chini sana ardhini hupata utulivu usiopatikana juu.

Homestake, mgodi wa dhahabu wa South Dakota uliokoma kuchimbwa mwaka 2002, umegeuzwa maabara. Humo, kwa kina cha kilomita moja na nusu hivi, limewekwa tangi lenye tani 10 za zenoni ya kimiminika. Huko Australia, katika mgodi wa dhahabu wa Stawell, maabara ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 2022 kwa kina cha mita 1,000 na kidogo. Matokeo ya Homestake ya mwaka 2022 na ya mwaka 2024 hayakuonyesha chembe ya maada hiyo. Hatusemi kwamba Bulyanhulu nao utageuzwa maabara. Tunasema tu kwamba kijana wa Kahama au Geita anayejua maana ya kushuka chini ya mwamba yu karibu na elimu hii kuliko anavyodhani, mradi aelezwe kwa maneno yasiyompoteza.

7. Majina manne katika mizani

Sasa tuyapime majina yanayoweza kutumika.

Kwanza, "maada nyeusi". Kitu cheusi humeza nuru, na kwa sababu hiyo kinaonekana. Shimo jeusi la angani limepewa jina hilo kwa haki, maana humeza nuru kwelikweli. Maada tunayoizungumza haimezi nuru bali huiacha ipite. Jina hili ni kosa la maana, na linazidi kuwa kosa mbele ya watu waujuao mchanga mweusi wa karai.

Pili, "maada isiyoonekana". Jina hili huvutia, nasi tulitaka kulipokea. Lakini ile gesi iliyopimwa na Uhuru nayo haionekani kwa macho, wala si maada hii. Ni maada ya kawaida yenye joto kali. Hewa tunayovuta nayo haionekani. Istilahi inayokusanya hewa, gesi ya Coma na maada ya Zwicky katika chungu kimoja haijatenganisha kitu.

Tatu, "maada fichu". Neno hili linadokeza kwamba kuna aliyeificha, au kwamba iko nyuma ya kitu fulani na itafichuka pazia likiondolewa. Hatuna ushahidi wa hayo.

Nne, "maada giza". Hapana budi tukiri kwamba nalo lina upungufu. Aliye ndani ya duara taa ikazimika yumo gizani, lakini akiwasha taa ataona mwamba. Maada hii haionekani hata ukiimulika. Hata hivyo giza kwa Kiswahili si rangi. Giza ni kukosekana kwa nuru, na kwa maana ya pili ni kutojua, kwani mtu asiye na habari husema kwamba yumo gizani. Maana zote mbili zinafaa hapa: maada hiyo haina nuru, nasi hatujui asili yake. Tena jina hili halidai zaidi ya ushahidi uliopo. Likija kutokea jambo kama la Vulcan, jina lenyewe litakuwa limekwisha kukiri kwamba tulikuwa gizani.

Kwa upande wa sarufi, tunaona "maada giza" ni bora kuliko "maada ya giza", kwa kuwa la pili linaweza kueleweka kuwa maada ambayo giza limeumbwa kwayo. Kiswahili kimezoea kuunganisha nomino mbili bila kihusishi ili kutaja aina, kama katika mbwa mwitu, bata mzinga na askari kanzu. Kwa utaratibu huo huo, ile asilimia 68 iliyobaki itaitwa "nishati giza", na mwanafunzi ataona mara moja kwamba majina hayo mawili ni ndugu ingawa vitu vyenyewe ni mbalimbali.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maada giza haikubuniwa na mtu mmoja katika siku moja. Ilitokana na hesabu zisizolingana: kasi ya galaksi, joto la gesi, mzunguko wa nyota, na kupinda kwa nuru. Tumeona pia kwamba chombo kimoja kati ya vile vilivyozithibitisha hesabu hizo kiliondoka karibu na Malindi kikiwa na jina la Kiswahili. Haitapendeza lugha iliyokipa chombo hicho jina lake ishindwe kueleza kile ambacho chombo hicho kilikiona.

Tunapendekeza kwa wanaohusika kwamba istilahi "maada giza" na "nishati giza" zifikiriwe kusanifishwa, na kwamba fasili ya kila moja itaje wazi ushahidi unaoitegemeza. Tunawaomba pia wafasiri wenzetu, kabla ya kupeleka orodha yoyote ya istilahi mbele ya kamati, waisome kwanza mbele ya watu wanaofanya kazi kwa mikono yao. Sisi tulisahihishwa na mzee mmoja mwenye karai, na tunamshukuru.